Pampu ya Corolla kabla ya kupanda Newala

*Kikundi: FAMILIA YA MAGOMENI, MTWARA*

Jumatatu

Zuhura 06:38
Assalaam alaykum familia. Wazee shikamooni. Gari la Baba limekata moto tena jana magharibi pale Naliendele, nimesukumwa na vijana wa bodaboda. Ijumaa tunapanda Newala kuwatoa wali jandoni. Naomba kila mtu akiamka aseme neno.

Zuhura 07:05
Naona mmesoma wote.

Mwanahawa 07:15
Waalaykum salaam dada. Pole sana. Naingia darasani, nitaandika mchana.

Juma 07:21
Hao bodaboda walikusukuma bure au wamekula nauli yote ya Newala? 😂

Zuhura 07:22
Juma, leo sitaki. Hamisi uko wapi?

Hamisi 08:47
Shikamoo dada. Nieleze lilivyokata. Lilizima ghafla au lilianza kukosa nguvu kwanza?

Zuhura 08:50
Toka nyumbani lilikuwa zuri. Kufika pale penye kamlima likaanza kushtuka shtuka, nakanyaga mafuta haliendi. Likazima. Tumekaa hapo hadi giza likaingia, nikapiga staata likawaka kama halina ugonjwa. Nikarudi pole pole.

Hamisi 08:51
Mafuta yalikuwa kiasi gani?

Zuhura 08:51
Chini ya robo.

Hamisi 09:04
Hapo nashuku pampu ya mafuta au filta yake. Pampu ya gari hili imo ndani ya tenki, na inapoozwa na mafuta yale yale yanayoizunguka. Mafuta yakiwa chini inachemka. Ikichemka, presha inashuka, na mlimani ndiko injini inakotaka mafuta mengi. Ikipoa inarudi kazini, ndiyo maana liliwaka giza lilipoingia. Filta ikiziba nayo inaichosha pampu, kwa hiyo ukibadilisha kimoja ukaacha kingine umefanya nusu ya kazi. Kwenye Corolla hii vyote vimeshikana, unavitoa pamoja chini ya kiti cha nyuma.

Zuhura 09:06
Basi leo najaza tenki ipoe.

Hamisi 09:07
Usijaze dada! Tukija kufungua likiwa limejaa, petroli itamwagika ndani ya gari. Liache hivyo hivyo na lisitembee mbali.

Hamisi 09:10
Na tusinunue kitu kabla ya kupima. Yule fundi wa Chuno ana geji ya kupimia presha ya mafuta. Pampu nzima inatoa presha ya bar 3 hivi. Tairi la gari hilo lina bar 2 na kidogo tu, kwa hiyo mjue kwenye ule mpira wa mafuta kuna nguvu. Apime pia kama umeme unafika kwenye pampu. Fyuzi au rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye pampu) ikiwa mbovu, mtanunua pampu bure.

Zuhura 13:32
Nimetoka Chuno. Geji inapanda vizuri, injini ikipata moto inashuka yenyewe. Umeme upo. Fundi anasema pampu. Yeye ana magari mawili mbele yangu, hawezi kabla ya Jumamosi. Hamisi utafungua wewe nyumbani.

Hamisi 13:40
Naweza. Nimeshafanya Masasi, gari la aina hii hii.

Zuhura 13:41
Tutafungulia uani kwa Mama mdogo, chini ya mkorosho, kuna kivuli. Kesho baada ya isha, jua limepoa. Mchango wa pampu na filta nauanzisha hapa, na mimi nimeshaweka yangu. Orodha:
1. Zuhura ✅
2.
3.
4.

Juma 13:58
2. Juma (dua) ✅

Zuhura 13:59
Juma!!

Mama mdogo Somoe 14:26
Wanangu. Hilo tenki mnataka kulifungulia wapi?

Zuhura 14:27
Shikamoo Mama mdogo. Kwako, uani.

Mama mdogo Somoe 14:35
Marahaba. Uani kwangu nina majiko mawili ya kuni, nachemsha mizizi ya ming'oko na kukaanga korosho za kupeleka Newala. Hayazimwi mpaka usiku. Na jirani anachomelea mageti, juzi cheche imetoboa kanga yangu kwenye kamba.

Juma 14:37
Mama mdogo ming'oko itabaki? Mimi napita jioni 😋

Mama mdogo Somoe 14:38
Pita na kuni.

Juma 14:38
🏃🏾🏃🏾

Bakari 14:40
Hahaha ming'oko ya Mama mdogo na korosho za moto. Mimi pia napita.

Hamisi 15:12
Jamani turudi kwa alichosema Mama mdogo, maana hapo ndipo watu wanapoungua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Ukifungua tenki haupandi juu ukapotea, unatambaa chini kwa chini, huuoni, mpaka ukute moto. Jiko liko kule kona na wewe uko huku mkoroshoni, lakini ukifika kwenye yale makaa unarudi na moto hadi kwenye tenki. Siwezi kufungua pale majiko yakiwa yanawaka, na siwezi kufungua jirani akiwa anachomelea.

Hamisi 15:18
Na baada ya isha mimi sifungui. Usiku mtaniwekea taa ya waya au mtu atawasha kibatari. Mchana kweupe, milango yote wazi, mahali penye upepo.

Zuhura 15:20
Sasa wapi? Kwangu hakuna nafasi. Semeni basi.

Zuhura 17:45
Nimeuliza wapi.

Jumanne

Kaka Saidi 05:52
Habari za asubuhi. Nimesoma yote. Gari hilo lilitakiwa kuuzwa toka mwaka juzi, nilisema, hamkunisikiliza. Mafundi wa nyumbani nyumbani hao mtaja kuunguza nyumba. Peleka gereji.

Zuhura 05:58
Shikamoo kaka. Gereji imejaa, nimeandika hapo juu. Na tukiongea la gari kuharibika tuseme lote. Nani aliliendesha toka Mbwemkuru taa ya mafuta imewaka? Baba hakuwahi kuliacha lishuke chini ya nusu.

Kaka Saidi 06:03
Ulikuwepo?

Zuhura 06:03
Mingoyo nilikuwepo.

Kaka Saidi 06:05
Hayo ya Mingoyo unayaanza wewe.

Zuhura 06:06
Na mbuzi alikuwa wa nani?

Juma 06:10
Mnh, mbuzi kafufuka 😂😂

Mwanahawa 06:11
Juma nyamaza.

Kaka Saidi 06:12
*Ujumbe huu umefutwa*

Bakari 06:40
Familia tusifike huko.

Zuhura 07:30
Sijamtukana mtu. Nimesema tenki kavu linaua pampu, na Hamisi kaeleza jana. Ijumaa wanangu wanatoka jandoni, nami sina gari la kupandia. Orodha bado ina jina moja.

Hamisi 09:15
Dada, nimepiga picha namba iliyoandikwa kwenye pampu ya zamani ya yule wa Masasi, inalingana na gari letu. Isiyolingana na namba hii msinunue. Duka lile la mwanzo walitupa ya gari jingine, tukaifunga kwa kulazimisha ikavuja. Ulizeni na mpira mpya wa duara wa kifuniko cha tenki. Ule wa zamani haurudishwi, umeshalegea.

Rukia wa Newala 16:48
Shikamooni wote. Naandika kwa niaba ya Babu. Amekaa hapa barazani, nimemsomea kuanzia jana. Anasema niandike kama anavyotamka.

Rukia wa Newala 16:57
"Mimi mjomba wenu. Nimesomewa na mtoto maneno ambayo hayasomwi na mtoto. La Mingoyo nililimaliza mwenyewe siku ya matanga, anayelifufua aje kwangu asiende kwenye simu. Saidi, wewe ndiye mkubwa wao. Pampu ni yako. Hamisi atafungua, si uani kwa Somoe na si usiku. Wali wanatoka Ijumaa asubuhi, jua halijawa kali. Wajukuu wa dada yangu sitawasimamisha uwanjani wakisubiri gari. Atakayekuwa hajafika hajafika."

Rukia wa Newala 16:58
Amemaliza. Ameingia ndani.

Kaka Saidi 19:20
Shikamoo Mjomba. Nimesikia.

Zuhura 19:22
Shikamoo Mjomba. Nimesikia.

Mwanahawa 19:25
Shikamoo Mjomba 🙏🏾

Jumatano

Kaka Saidi 10:05
Pampu na filta nimepata Kariakoo, namba ile ile aliyotuma Hamisi. Naiweka kwenye basi la usiku, kesho asubuhi inafika. Nauli ya mzigo mtalipa huko.

Zuhura 10:06
Ahsante kaka. Na mpira wa kifuniko?

Zuhura 11:30
Kaka, na mpira?

Hamisi 12:02
Nitautafuta hapa Mtwara. Nikiukosa sifungui, nisieleweke vibaya. Kifuniko kisipobana tutakaa na harufu ya petroli mpaka Newala, na ndani kuna watoto.

Hamisi 12:09
Kesho itakwenda hivi. Kiti cha nyuma kinatoka, pale chini kuna mchanga wa miaka yote hiyo, tunaupiga brashi na kitambaa kwanza. Ukidondokea ndani ya tenki, pampu mpya inaanza na uchafu. Halafu nachomoa soketi ya pampu na kuwasha injini mpaka ijizime yenyewe, presha inaisha kwenye mpira. Kisha hasi ya betri inatoka. Hapo ndipo naachia mpira, na kitambaa juu, maana mafuta hayakosi kuchuruzika kidogo. Pampu inatolewa kwa kuinamisha, mkono wa geji ya tenki ukipinda utakuwa unasoma robo siku zote. Mkinikuta nimefika hapo msinisemeshe.

Bakari 12:15
Na kama moto ukitokea?

Hamisi 12:17
Ndoo mbili za mchanga mkavu pembeni, na kile kizima moto cha dukani kwako ukilete. Maji hapana, petroli inaelea juu ya maji inasambaa. Nikimaliza nawasha swichi, tunaangalia kama panalowa kabla ya kurudisha kiti.

Bakari 12:20
Nitakileta inshallah.

Mama mdogo Somoe 13:44
Hamisi mwanangu, hapo umesema. Mimi nitaleta chai ya chupa, nimeichemshia huku huku kwangu.

Mwanahawa 15:10
Dada, nikate tiketi za basi za Ijumaa alfajiri? Ikitokea gari halijawa tayari.

Zuhura 15:12
Kata mbili. Yangu na ya Mama mdogo.

Mwanahawa 15:12
Na wengine?

Zuhura 15:15
Wengine gari, inshallah. Sasa mahali. Juma, ule uwanja wa kwenu Chikongola hauna jiko wala mchomeleaji. Tunakuja na gari saa mbili asubuhi. Ndiyo au hapana?

Zuhura 18:40
Juma.

Juma 21:55
Nilikuwa kwa Mama mdogo 😋 Uwanja upo, ila mwenye nyumba anaweka matofali yake kesho. Ngoja nimuulize.