Mjadala: Masharti ya muonekano kazini, haki iko wapi kati ya mwanaume na mwanamke?

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tulijadili hili kwa nia njema maana linanigusa mimi mwenyewe na linamgusa zaidi dada ninayekaa naye kaunta moja kila siku, na Jumatatu tuna kikao cha wafanyakazi ambapo nataka nilisemee.

Mimi nipo mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha, mwaka wa nne sasa. Kila asubuhi kabla ya zamu tunapangwa mstari, supavaiza anapita na karatasi ya muonekano anatukagua mmoja mmoja. Ya wanaume ni fupi tu, nywele fupi, ndevu zinyolewe kabisa kila siku, kucha fupi, tai, viatu vyeusi vinavyong'aa. Ya wanawake inajaza ukurasa na kugeuka nyuma. Nywele ziwe "za kiofisi", poda, lipstiki ya rangi waliyoitaja wao, nyusi ziwe zimechongwa, hereni ndogo, kucha zipakwe rangi na ikibanduka hata moja unarudishwa, viatu vya kisigino, na soksi ndefu za rangi ya ngozi, ambazo madukani nyingi sio za rangi ya ngozi ya huyo dada mwenzangu.

Sasa ilivyotokea ni hivi. Mimi nina tatizo la vipele vya ndevu, wanaume wengi wa kwetu mnalijua, nywele zetu zimejikunja kwa hiyo ukikwangua na wembe ile ncha inabaki kali, ikianza kuota inajipinda inarudi ndani ya ngozi, shingo inajaa vipele vyenye usaha na baadae makovu meusi. Zahanati waliniambia wazi niachane na wembe, niwe napitisha mashine nibakize ndevu fupi sana. Nikaja kazini na karatasi ya daktari. Meneja akaisoma, akanirudishia, akasema ndevu hazikai mbele ya mgeni, nikapelekwa stoo kuhesabu mataulo siku tatu, na ukiwa stoo hupati tipu hata ya mia. Siku ya nne nikanyoa. Kabla ya saa nne asubuhi kola ya shati jeupe ilikuwa na madoa ya damu, nikaandikwa tena kwa kosa la kola chafu.

Siku ile ile niliyonyoa mwenzangu alikuja amesuka twende kilioni, nywele zake mwenyewe, zimelala vizuri, njia zimenyooka zinang'aa mafuta. Akaambiwa mbele ya watu wote kwamba hizo ni nywele za shambani, kesho aje na wigi au wivingi. Hakubisha. Kesho yake akaja na wigi la kuazima kwa dada yake, ikafika saa nane mchana kiyoyozi kimezima, nikamuona anapenyeza kalamu chini ya wigi anajikuna huku anamkaribisha mgeni, jasho linashuka nyuma ya sikio mpaka shingoni. Chini ya kaunta amevua viatu, amesimama kwenye vigae na soksi, mguu mmoja unapumzika juu ya mwingine, na jicho liko mlangoni maana supavaiza akitokea anatakiwa awe ameshavivaa. Hiyo ni zamu ya saa nane za kusimama.

Jioni tukakaa kantini tukapiga hesabu nyuma ya risiti. Yeye kwa mwezi, ukichanganya saluni, wivingi, rangi za kucha, mekapu, soksi ambazo zinachanika karibu kila wiki na viatu ambavyo kisigino kinaisha haraka, ilikuja kama laki moja na ishirini. Mimi kinyozi, nyembe na kiwi, elfu kumi na tano haifiki. Mshahara wetu ni ule ule, daraja lile lile. Halafu yeye anaamka saa kumi usiku ili awahi kujiandaa, mimi naamka saa kumi na moja na nusu na nafika kabla yake.

Kwa hiyo swali langu kwenu. Watu wakijadili haya mambo wanaangalia kama orodha ya wanaume na ya wanawake zinafanana, mimi naona tuangalie nani anatoa hela yake, muda wake na ngozi yake ili ile orodha itimie. Mimi natoa ngozi. Yeye anatoa vyote vitatu.

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo nikiifikiria inaniuma. Mama mmoja anaitwa Darlene Jespersen alikuwa muuza baa kwenye kasino ya Harrah's kule Reno, amefanya kazi miaka kama 20 na sifa nzuri. Mwaka 2000 wakaleta utaratibu mpya, wanawake lazima poda, wanja wa kope na lipstiki, wanaume marufuku mekapu na nywele zisifike kwenye kola. Alikataa akapoteza kazi. Mahakama ya rufaa ilipotoa hukumu mwaka 2006 majaji 7 kwa 4 walimkatalia, na sababu kubwa ni kwamba hakupeleka ushahidi wa kuonyesha mekapu inamgharimu hela na muda zaidi ya masharti ya wanaume. Jaji mmoja wa wale wachache akasema hilo halihitaji shahidi, kila mtu anajua mekapu inanunuliwa na inachukua muda kupaka. Lakini wachache ndio hivyo tena, mama akashindwa kwa kukosa hesabu.

Afrika Kusini ilikwenda tofauti na pale walioumizwa ni wanaume. Askari magereza wa kiume watano wa gereza la Pollsmoor, Cape Town, waliachishwa kazi mwaka 2007 kwa sababu ya dredi, wengine wamefuga kwa imani ya Rasta, wengine kwa mila za Kixhosa. Wenzao wa kike wenye dredi hakuna aliyewagusa. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Rufaa mwaka 2013, mwajiri akashindwa, mahakama ikasema hakuna ushahidi wowote kwamba zile nywele zilipunguza utendaji wao wa kazi, na kwamba walibaguliwa kwa dini, kwa utamaduni na kwa jinsia yao. Yaani kunyimwa kitu kwa sababu wewe ni mwanaume wakati mwanamke wa kazi hiyo hiyo anaruhusiwa, huo nao ni ubaguzi. Naliweka hili mapema maana najua kuna watakaosema haya ni mambo ya kina dada peke yao.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kazini na jinsia imetajwa. Kina mlango wa mwajiri, akionyesha kwamba sharti linatokana na asili ya kazi yenyewe hapo sio ubaguzi. Kitu ambacho wengi hatukijui ni kwamba mfanyakazi akishaonyesha mazingira ya kubaguliwa, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuna ubaguzi unahamia kwa mwajiri. Sasa niambieni, kupokea mgeni na kumpa ufunguo wa chumba kuna asili gani inayodai wigi? Mpishi akiambiwa afunge nywele, akate kucha, avae kofia, sina neno, unywele ukiingia kwenye chakula tunaujua matokeo yake, na sharti hilo linambana mwanaume na mwanamke sawasawa.

Halafu tazameni mwili wa mwanamke unavyovutwa huku na huku. Septemba 2018 Spika Job Ndugai alipiga marufuku wabunge kuingia bungeni na kope na kucha za bandia. Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, akatolewa ukumbini kwa sababu ya suruali aliyovaa, baada ya mbunge mwenzake wa kiume kusimama kuomba mwongozo. Bungeni kope za bandia zilifanywa kosa, hotelini kwetu kuna wanaosifiwa kwenye mstari kwa kuzibandika. Mwanamke yule yule, nchi hii hii, sehemu moja anafukuzwa kwa kuongeza na sehemu nyingine anafukuzwa kwa kutoongeza, na mara nyingi anayeamua ni mwanaume. Kwa haki kabisa niseme wanaume nao wanaguswa, Kenya Novemba 2023 Spika Wetang'ula alizikataza suti za Kaunda bungeni. Ila mwanaume akishavaa koti na tai ameshamaliza, hakuna anayempima zaidi ya hapo.

NIMERUDI. Nimesoma majibu yenu yote tangu asubuhi, asanteni, na wale mlionipinga mmenisaidia zaidi.

Ndugu uliyesema nilisaini mkataba kwa hiyo ninyamaze. Mkataba wangu unasema "usafi na unadhifu wakati wote", basi. Ile karatasi imekuja mimi nikiwa na miaka miwili kazini, hakuna aliyetuita wala kutuuliza, tuliikuta imebandikwa ukutani. Unadhifu nilikubali. Kukwangua ngozi yenye vidonda sikuwahi kukubali.

Dada wa benki uliyeandika kwamba unapenda mekapu yako na mchuchumio wako na hutaki mwanaume aje akuharibie, nakuheshimu sana dada yangu na niliporudia maneno yako nikaona kweli sikujieleza vizuri. Sitaki mtu akatazwe. Paka, suka, vaa, ni raha yako. Ninachokataa ni siku ambayo umeamka mguu umevimba, au mtoto amelia usiku kucha, unakuja na uso wako ulioosha vizuri na nguo iliyopigwa pasi halafu unaandikwa barua. Ufilipino mwaka 2017 wizara yao ya kazi ilitoa agizo kwamba wanawake wanaosimama muda mrefu kazini wasilazimishwe viatu virefu, hakuna aliyewanyang'anya viatu vyao, walichoondolewa ni ule ulazima.

Kuhusu hoja ya kwamba hoteli inauza sura na mgeni anataka kuona mrembo. Miaka minne nimesimama pale. Mgeni anashuka kwenye gari ametoka Serengeti, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, mgongo unamuuma, anachouliza ni kama maji ya moto yapo, intaneti inashika chumbani, na kesho gari la kwenda uwanja wa ndege linaondoka saa ngapi. Sijawahi kusikia hata mmoja analalamika kwamba dada wa mapokezi amesuka nywele zake. Wageni wawili watatu waliwahi kumsifia siku alizokuja na nywele za kusuka, wakamuuliza huo msuko unaitwaje.

Na mzee uliyeleta hoja ya maadili, kwamba tukifungua huu mlango watu watakuja ofisini nusu uchi. Hapana mzee wangu. Serikali ina Waraka wa mavazi wa mwaka 2007 kwa watumishi wa umma na sina ugomvi na kuwepo kwa mpaka. Lakini heshima ya mavazi na ulazima wa urembo ni vitu viwili, huwezi kutumia cha kwanza kuhalalisha cha pili. Twende kilioni haijamvua mtu nguo. Bibi zetu walisuka hivyo wakaenda nazo kanisani na msikitini.

Jumatatu nataka kusema hivi: usafi uwe mmoja kwa wote, uandikwe kwa maneno yanayoeleweka. Nywele za kusuka na za asili zikiwa safi zipite, viatu vya chini vyeusi vipite, ndevu zilizopunguzwa kwa mashine zipite hasa kwa mwenye karatasi ya daktari. Na chochote kinachozidi hapo ambacho hoteli inakitaka, hoteli ikilipie kama inavyolipia sare, au kiwe hiari ya mtu.

Kinachonikwamisha ni kimoja na ndio maana nimerudi hapa. Mwenzangu amekubali niandike habari yake humu kwa sababu hakuna anayetujua, ila kikaoni ameniomba nisimtaje, wala ile hesabu ya laki na ishirini nisiitoe maana pale mapokezi wanawake ni wawili tu na watajua ni nani. Mkataba wake unaisha mwezi wa sita. Ana mtoto darasa la pili. Siwezi kumlazimisha na sitaifanya hesabu yake iwe silaha yangu wakati hasara ikija itakuwa ya kwake. Lakini bila hesabu nitaambiwa yale yale aliyoambiwa yule mama wa Reno, leta ushahidi.

Kwa hiyo dada zangu mnaofanya kazi mapokezi, benki, kwenye ndege, maduka ya simu, popote mnapokaguliwa uso na nywele asubuhi, naombeni mniandikie hapa chini bila majina wala kampuni, kwa mwezi mnatumia shilingi ngapi kwa vitu ambavyo kazi imewaamuru, na mnaamka saa ngapi. Na wanaume wenye vipele vya ndevu mnaolazimishwa wembe semeni nanyi. Nitazichapa nizibebe hizo, ya kwake ibaki kwake.