Naombeni ushauri: tunanunua nyumba, hati iko rehani benki, na mkataba una maneno hatuyaelewi

Baba Imani (mwenye uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi na mke wangu tunataka kununua nyumba Segerea, Dar es Salaam. Bei tumeelewana milioni 120. Nusu ni akiba yetu, nusu tunategemea mkopo. Muuzaji ametuletea rasimu ya mkataba iliyoandaliwa na wakili wake. Nimeirudia mara nyingi na bado sijui vipengele vingine vinamlinda nani. Nanukuu:

"Mnunuzi atalipa amana ya shilingi milioni 50 siku ya kusaini, ambayo haitarejeshwa." Hela hii ndiyo anayotaka kukombolea hati, kwa sababu imewekwa rehani benki.

"Mali inauzwa kama ilivyo."

"Kodi na tozo zote zitokanazo na mauziano haya zitakuwa juu ya mnunuzi."

Halafu kwenye kivuli cha hati imeandikwa muda wa miliki ni miaka 33 kuanzia tarehe 1 Julai 1998.

Dalali anatuharakisha, anasema kuna mteja mwingine ana hela mkononi. Mke wangu kasema haitoki hata shilingi mpaka tuelewe tunasaini nini, na mimi niko upande wake. Mwenye uelewa atusaidie, hii ndiyo akiba yetu yote.

Mzee wa Tabata

Mwanangu, mnajisumbua na mambo ya mawakili. Nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muuzaji alete ndugu zake wawili, nanyi mlete mashahidi wenu, muandikiane, mwenyekiti agonge muhuri. Majirani wote wanakuwa wamejua nyumba imeuzwa. Sisi ndivyo tulivyonunua miaka yote na tunaishi kwa amani.

Wakili wa Kinondoni

Shikamoo mzee wangu. Ushauri wa kuwashirikisha majirani ni mzuri, maana wao ndio wanaojua kama nyumba ina mgogoro. Ila nyumba hii ina hati, na umiliki wa ardhi yenye hati hauhami kwa muhuri wa mtaa. Unahama pale Msajili wa Hati anapoandika jina jipya kwenye daftari lake. Mwenyekiti anaweza kuwa shahidi kwamba anawafahamu wahusika, basi. Na ile asilimia kumi ambayo baadhi ya ofisi za mitaa hudai kwa wanunuzi haipo kwenye sheria.

Baba Imani, nianze na kinachonitia hofu zaidi: hiyo milioni 50.

Hati ikiwa rehani, maana yake benki imeandikishwa juu ya nyumba hiyo. Muuzaji bado ndiye mmiliki, lakini hawezi kuihamisha bila benki kuridhia na kufuta rehani. Sasa ukimpa yeye milioni 50 mkononi akaenda kulipia shida nyingine, nyumba inabaki na deni, na mkataba wako unasema hela hairudi. Akishindwa kulipa, benki ina haki ya kuiuza kwa mnada, na wewe utabaki unamdai mtu asiye na kitu.

Fanyeni hivi. Mwombeni muuzaji barua ya benki inayoonyesha salio la deni mpaka siku mtakayolipa, pamoja na riba. Kisha uandikwe mkataba wa pande tatu: ninyi, muuzaji na benki. Hela ya kukomboa iingie moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, na benki iahidi kwa maandishi kwamba deni likiisha itatoa hati halisi pamoja na hati ya kufuta rehani. Kilichobaki kwenye bei alipwe muuzaji baada ya hapo. Kama anakataa utaratibu huu, jiulizeni kwa nini.

Na neno "haitarejeshwa" lisibaki peke yake. Liwe hivi: ninyi mkijitoa bila sababu, mnapoteza kiasi fulani, muuzaji akishindwa kuhamisha umiliki, anarudisha yote pamoja na fidia. Kiasi chenyewe pia kijadiliwe, maana hakuna sheria inayowataka mtangulize karibu nusu ya bei.

"Kama ilivyo" inahusu hali ya jengo: nyufa, bomba, paa. Mpelekeni fundi wenu kabla ya kusaini. Ila ongezeni kipengele ambacho muuzaji anathibitisha kwamba yeye ndiye mmiliki halali, hakuna kesi, zuio wala deni jingine, na kwamba akionekana amesema uongo atawalipa.

Kabla ya yote hayo fanyeni upekuzi kwenye ofisi ya Msajili wa Hati. Ni ombi la maandishi na ada ndogo, na majibu yanaonyesha jina la mmiliki, rehani zilizosajiliwa na zuio lolote lililowekwa. Kivuli cha hati mlichopewa hakiwezi kuwaambia hayo.

Mama Wawili

Nakazia, kisha naongeza la ridhaa ya mwenza. Kaka yangu alilipia nyumba Kimara, hati safi, upekuzi safi. Siku ya kuhamia akatokea mke wa muuzaji na cheti cha ndoa, hajui lolote, watoto wako ndani. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mtu kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kesi iliwatesa wote, na yule mama wala hakuwa na kosa. Ulizeni muuzaji ameoa au la. Kama ameoa, mke asaini ridhaa mbele ya wakili, akiwa na kitambulisho, na ninyi mkiwepo. Kama ni mjane na nyumba ilikuwa ya marehemu, au ni ya urithi ambao haujagawanywa, mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kikao cha ukoo peke yake hakitoshi.

Afisa Mikopo

Upande wa kodi: hicho kipengele kimefunga mambo mengi kwenye sentensi moja. Kodi ya ongezeko la mtaji kisheria ni ya muuzaji, kwa sababu yeye ndiye aliyepata faida. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Tuseme alinunua kwa milioni 40, akaongeza ujenzi wa milioni 25 na risiti anazo: faida kwa bei yenu ni milioni 55, kodi milioni 5.5. Asiye na kumbukumbu za gharama hukatwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini wa serikali, ile iliyo kubwa. Bila cheti cha Mamlaka ya Mapato (TRA) kwamba kodi hiyo imelipwa, Msajili hahamishi jina. Kwa hiyo msipoishughulikia mapema mtailipa ninyi ili mambo yaende. Ushuru wa stempu, yaani ushuru wa serikali kwenye hati za mauziano, asilimia 1, kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Msiukwepe, maana mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Pango la ardhi, ile kodi ya kila mwaka ya kiwanja, la miaka ya nyuma liandikwe wazi kuwa ni la muuzaji.

Upande wa mkopo, msiulize asilimia tu, ulizeni riba inapigwaje. Milioni 60 kwa asilimia 16, miaka mitano: ikipigwa kwenye deni lote la mwanzo mpaka mwisho, riba ni milioni 48, rejesho milioni 1.8 kwa mwezi. Asilimia ileile ikipigwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni kama milioni 1.46 na riba yote haifiki milioni 28. Ulizeni pia kama riba inaweza kupanda katikati, na faini ya kumaliza deni mapema ni kiasi gani.

Mthamini

Naona wote mmeupita muda wa miliki. Miaka 33 kuanzia 1 Julai 1998 inaisha 30 Juni 2031. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na hati inakupa haki ya kuitumia kwa kipindi kilichoandikwa. Miliki inaweza kuhuishwa, lakini benki inayokopesha huangalia miaka iliyobaki, na ikiona mkopo unakaribia kuvuka muda huo inaweza kukataa. Muulizeni afisa wa benki yenu leo hii. Kama ni tatizo, kuhuisha kuwe sharti kabla ya malipo.

Jambo jingine: ripoti ya uthamini itakuwa na thamani ya soko na thamani ya mauzo ya lazima. Ya pili ni ndogo, ni makadirio ya kitakachopatikana nyumba ikiuzwa haraka, na mara nyingi benki hukopesha kwa kuangalia hiyo. Msipange bajeti kwa ile ya kwanza.

Baba Imani (mwenye uzi)

Asanteni sana, nimesoma na mke wangu pembeni. Tumempigia muuzaji, amekubali barua ya benki, mkataba wa pande tatu ameomba aongee na wakili wake kwanza. Swali la mwisho: tunataka majina yote mawili kwenye hati. Kuna namna ya kuandika?

Wakili wa Kinondoni

Ipo, na chagueni kabla fomu za uhamisho hazijajazwa. Mkiandikishwa kwa umiliki wa pamoja, mmoja akifariki nyumba inabaki kwa aliye hai. Mkiandikishwa kwa hisa, kila mmoja ana sehemu yake, na sehemu ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Kwa wanandoa wengi inafaa ya kwanza, lakini kama mmoja wenu ana watoto nje ya ndoa hii, kaeni mlizungumze vizuri.

Majibu ya upekuzi yakitoka yawekeni hapa, mfute majina na namba ya kiwanja. Na dalali mwambieni huyo mteja mwingine naye atakutana na benki ileile.