Dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025 imechezwa Juni 25, hii ni ligi ya namna gani?

Wakuu, nimeamka na hasira na naomba mtu asije hapa kuniambia "Kolo umefungwa tulia". Nimefungwa ndio, mimi ni Simba (Kolo ndio jina la utani tunaloitwa). 2-0, Pacome kwa penalti halafu Mzize akaja kupigilia msumari, Yanga wamemaliza na pointi 82 sisi 78, ubingwa wa nne mfululizo na wa 31 kwa jumla. Hongereni. Toka ile 5-1 ya Novemba 2023 mmetufunga mara 5 mfululizo, hilo ni letu Wanasimba tutalia nalo wenyewe huko kwetu. Uzi huu siuandiki kwa sababu ya matokeo, nauandika kwa sababu ya TAREHE.

Mimi naishi Kahama. Machi mwaka huu nilimuahidi kijana wangu, ana miaka 11, kwamba namleta Dar aione dabi kwa macho yake, maana toka azaliwe anaiona kwenye tv tu. Tukapanda basi Alhamisi, Ijumaa tumeshuka stendi ya Magufuli pale Mbezi, tukaenda kwa shemeji Mbagala. Ilikuwa Ramadhani, tumekaa tunafuturu, simu zinaanza kulia, mara Simba wamezuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi, mara mabaunsa, usiku huohuo taarifa ya klabu inatoka kwamba hatuchezi kesho. Nikamwambia shemeji hizi ni presha za dabi tu, kesho utaona watu wanacheza. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Jumamosi tukatoka mapema, mechi ni saa 1:15 usiku lakini ukitaka kukaa vizuri kwenye viti vya mzunguko huwezi kusubiri jioni. Dogo kavaa jezi nyekundu toka asubuhi hajaivua. Tupo nje ya uwanja wa Mkapa, watu wamejaa, wa Songea wapo, wa Arusha wapo, ndio mchana taarifa inasambaa kwenye simu: mechi imeahirishwa, Bodi ya Ligi wanahitaji muda wa kuchunguza. Mchana wa siku ya mechi!! Na baadaye Yanga wakaja na timu yao uwanjani kama vile mechi ipo, kwahiyo kuna mashabiki wakaendelea kukaa wakiamini labda kitatokea kitu. Kijana ananiuliza baba Simba wanakuja saa ngapi, mimi sina la kumjibu. Unamwelezaje mtoto kwamba watu wazima wameshindwa kukubaliana kuhusu mazoezi ya lisaa limoja?

Sasa tuje kwenye kanuni maana humu kuna wataalamu wa kanuni kila upande. Kanuni ya 17(45) inampa timu mgeni haki ya kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mechi kabla ya mchezo, na Simba ndio walisimamia hapo. Sawa. Kama kweli walizuiwa, aliyewazuia aadhibiwe usiku uleule au hata wiki inayofuata, lakini mechi ichezwe. Na kama kukosa mazoezi sio sababu ya kutokuja uwanjani basi Simba, timu yangu, tuhesabiwe kwamba hatujatokea, tupigwe adhabu ya timu isiyofika, pointi ziende Jangwani kwa Yanga, tungelia lakini ingekuwa imeisha. Moja kati ya hizo mbili. Bodi wakachagua ya tatu, kwamba asiumie mkubwa yeyote, wakaumia watu waliolala kwenye basi.

Na msije mkaniambia ni bahati mbaya. Mei 8, 2021 mmeshaisahau? Ilikuwa Jumamosi pia na Ramadhani pia, mechi saa 11 jioni ikasogezwa saa 1 usiku siku hiyohiyo, Yanga wakasema sisi tunajua saa 11, wakaja saa 11, wakapasha, wakaondoka zao, mechi ikafa. Ikaja kuchezwa Julai 3. Kwahiyo mwaka ule waligoma wao, mwaka huu tumegoma sisi, na mara zote mbili mwisho wake ni uleule, mechi inapangiwa tarehe mpya. Mtu akishaona kwamba ukigoma unapangiwa tarehe mpya, unategemea kesho asigome? Hivi timu ndogo kama KenGold wangegoma Machi 8 kwa sababu hawajafanya mazoezi, nani angekaa kikao kuwachunguza miezi mitatu? Wangepokwa pointi kabla hawajafika kwao Chunya. Au Kagera Sugar. Hizo zote zimeshuka daraja msimu huu na wala hakuna aliyewasogezea tarehe hata moja ili wajipange.

Halafu angalieni kilichofuata. Yanga wanakwenda CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, CAS wanawaambia malizeni kwanza ngazi za nyumbani. Yanga wanasema hatuchezi. Bodi inapanga Juni 15. Yanga wanasema hatuchezi. Juni 15 inakaribia inasogezwa Juni 25, wakacheza. Miezi mitatu na siku 17 mjadala wa mpira nchi nzima ni je watacheza au hawatacheza, hakuna anayezungumzia tena Ahoua wa Simba anavyofunga, hakuna anayezungumzia vijana wanaocheza mpira mzuri kwenye timu za mikoani. Raundi ya mwisho imechezwa Juni 22, timu 14 zimemaliza mechi zao 30 wachezaji wanafunga mabegi, na msimamo bado haujakamilika kwa sababu ya mechi ya mwezi wa 3! Yanga 79 Simba 78. Watu wanasema eti ilikuwa nzuri kwa sababu ikawa kama fainali. Ligi haina fainali jamani, ligi inachezwa nyumbani na ugenini pointi zinahesabiwa, ukitaka fainali ipo Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani.

Upande wetu tulikuwa na fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane ya Morocco mwezi wa 5 na huku rundo la viporo (mechi za ligi zilizoahirishwa) linatusubiri, tunacheza baada ya siku mbili tatu, wachezaji miguu imekufa. Sisemi ndio maana tumekosa ubingwa. Nasema ratiba ile haikuwa na nafasi ya kubeba mchezo mwingine, na ilishavurugika toka Januari pale ligi iliposimamishwa kupisha CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, CHAN ikaahirishwa kwenda Agosti, ligi ikarudi Februari. Hiyo ya CHAN siwalaumu Bodi, ilikuwa juu ya uwezo wao. Machi 8 ilikuwa mikononi mwetu wenyewe hapa hapa Dar.

Kinachoniuma zaidi hela ipo. Haki za matangazo zile za 2021 ni miaka 10 kwa bilioni 225.6, mdhamini mkuu ni benki, vilabu vinaleta wachezaji kutoka Ivory Coast na Congo, tunajisifia kila siku ligi yetu inapanda viwango Afrika. Sasa shabiki wa ligi inayopanda viwango anatakiwa ajue mechi ipo au haipo saa ngapi? Mimi nadhani angalau kabla hajapanda basi.

Na hiyo Juni 25 yenyewe ilikuwa Jumatano, siku ya kazi. Mimi ni fundi aluminiam, nina madirisha ya watu, siwezi kuacha kazi katikati ya wiki mara ya pili ndani ya mwaka mmoja kwa mechi ileile. Kijana kaiangalia jana kibanda umiza, jezi ileile. Lile goli la Mzize lilipoingia akatoka nje, sikumfuata.

Mwenye akili ya kikanuni aniambie, kuna kitu gani kimebadilishwa kuzuia hili lisijirudie? Sio kauli ya kwenye mikrofoni, kanuni iliyoandikwa: mgeni anafunguliwa geti na nani, saa ngapi, asipofunguliwa anampigia nani usiku huo, na nani anaamua kabla ya saa 4 usiku ili mtu aliyeko njiani Dodoma ajue ashuke au aendelee na safari. Kijana kashaanza kuniuliza msimu ujao tutaenda? Nimemwambia sikati tiketi mpaka nione timu zote mbili zimeshafanya mazoezi uwanjani. Na mazoezi ni jana yake, kutoka Kahama nikisubiri mpaka hapo siwahi mechi.