Three Men in a Boat: inasomwaje ili ichekeshe?

Msomaji_Umoja: Wadau, salamu. Riwaya hii ya Jerome K. Jerome inasifiwa kwa ucheshi, lakini sura mbili zimekwisha na mashua haijaingia majini. Isomwe vipi? Kiingereza cha 1889 nacho kinanipa kazi.

Mama_Rafu: Ndugu, usiingoje mashua. Safari ya Mto Thames, Kingston hadi Oxford, ni kamba ya kuanikia tu. Nguo ni visa vinavyoning'inizwa njiani. Anza na sura ya 3, Uncle Podger, mjomba wa msimulizi, akitundika picha. Hesabu anaowasumbua: msichana atumwe misumari, mvulana amkimbilie kumwambia saizi, huyu alete nyundo, yule rula, ngazi, kiti cha jikoni. Picha inamponyoka, kioo kinavunjika, anajikata. Leso iko wapi? Kwenye koti. Koti je? Nyumba nzima inalisaka, akiinuka, kumbe amelikalia! Halafu atafute nusu ya inchi 31 na tatu juu ya nane, kila mtu apate jibu lake. Foleni moja ya Thika Road inatosha kuimaliza sura hiyo. Isome kwa sauti nzito, kama shahidi mahakamani. Msimulizi hachekicheki hata kidogo, na hapo ndipo utamu ulipo.

Kalamu_Nyeusi: Mama Rafu amesema kweli. Wengi hukwama kwa kuruka sentensi ndefu. Jerome huipandisha sentensi kwa heshima zote, kisha aiangushe kwenye kitu kidogo. Ukiruka mwisho, umekosa yote. Pia kuna mzaha unaotaka ujue jambo la enzi zile. Sura ya 1, msimulizi anasoma kitabu cha tiba pale British Museum, anajikuta na kila ugonjwa isipokuwa mmoja: uvimbe wa goti uliowapata vijakazi kwa kupiga magoti wakisugua sakafu. Anaumia moyo kwamba huo kanyimwa! Asiyeujua ugonjwa wenyewe atapita tu.

Kurasa za mandhari na historia, kama ya Runnymede, mahali pa kihistoria kando ya Thames, sura ya 11, usizitafutie kicheko. Jerome alikusudia kuandika mwongozo wa mto huo, na mabaki yamo. Zisome polepole au zipite, hutapotea.

Msomaji_Umoja: Asanteni sana. Na nakala?

Kalamu_Nyeusi: Ukinunua ya mitumba mjini, hesabu sura kwanza: ziwe 19. Zipo zilizofupishwa kwa wanafunzi, na kinachokatwa ni zile sentensi ndefu. Hakimiliki yake imekwisha zamani, na Project Gutenberg, maktaba ya vitabu mtandaoni, wanayo nzima, bure.

Mama_Rafu: Na usikose sura ya 12, mkebe wa nanasi usio na kifungulio. Harris, mmoja wa wenzake msimulizi, anaujaribu kwa kisu, kisu kinavunjika na anajikata vibaya. George, mwenzao wa tatu, anashika mkasi, unaruka nusura umtoe jicho. Msimulizi anauchoma kwa upondo, upondo unateleza, anatumbukia kwenye matope. Mkebe unabingirika mzima mzima, unavunja kikombe cha chai.