Kumtishia jirani uraia wake kwa sababu ya tofauti za kisiasa

Mkazi wa Gungu, Kigoma
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Katika mkutano wa mtaa wetu, mama mmoja mchuuzi wa dagaa alisimama kuuliza kwa nini wananchi hawasomewi mapato na matumizi, na kabla hajamaliza alizomewa na kuitwa kibaraka, kisha kijana mmoja akamwambia hadharani kwamba huenda si raia na kwamba watu wa uhamiaji watafika nyumbani kwake. Anayeishi huku karibu na mpaka wa Burundi anaujua uzito wa tishio hilo, kwa kuwa wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa na hawana karatasi ya kujitetea nayo. Tangu siku hiyo mama yule haji mikutanoni. Waliomzomea ni wanachama wa chama changu. Niwakabili vipi?

Mzee wa Ng'ambo, Tabora
Mwanangu, umefanya vema kuuliza. Kuzomea ni utovu wa adabu, lakini kumtishia mtu ni jambo jingine, na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaligusa katika kifungu cha 89. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, awe na kadi ya chama au asiwe nayo.

Wakumbushe wenzako yaliyotokea hapa Tabora mwaka 1958, TANU ilipojadili kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, uliomlazimu mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia kwa pamoja. Wajumbe walipingana vikali, na Mwalimu Nyerere ilimbidi awashawishi kwa hoja. Zuberi Mtemvu hakuridhika. Alijitoa, akaanzisha chama chake cha ANC, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Mwalimu huyohuyo. Kama jambo zito kiasi hicho, lililohusu njia ya kuufikia uhuru, liliweza kubishaniwa ukumbini, sioni kwa nini swali la hesabu za mtaa limfanye mama wa watu aogope kulala nyumbani kwake.

Binti Ujiji
Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu sheria, ila nahofia kwamba mama huyo akienda kituoni peke yake ataongezewa maadui, kwani anauza dagaa kwa watu walewale waliomzomea. Mkazi wa Gungu, anayeweza kuwanyamazisha ni wewe uliye wa chama chao, na inafaa uwakemee mbele ya watu, palepale walipomtukania. Tena sisi wanawake tukihoji hutukanwa kwa ndoa zetu na miili yetu, huku hoja ikiachwa bila jibu. Ikiwa maneno hayo yameandikwa pia katika kundi la simu, yahifadhiwe, kwa sababu kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtisha mtu kwa njia hiyo.

Mkazi wa Gungu, Kigoma
Nashukuru sana. Nitawakemea mkutanoni. Je, tishio lenyewe linaweza kuandikwa katika muhtasari?

Mzee wa Ng'ambo, Tabora
Linaweza, na ni haki liandikwe. Mwombe mtendaji wa mtaa aliandike kama lilivyotamkwa, pamoja na swali la mama, kisha mwenyekiti aulizwe ni lini hesabu zitasomwa.