Kifafa cha mtoto kisichoeleweka: kipimo cha jenomu kiwe cha kwanza au cha mwisho?

Wadau naomba tulijadili hili. Mtoto anaanza degedege ana miezi michache, anapigwa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo), anapigwa MRI (picha ya ubongo), anatolewa maji ya uti wa mgongo, dawa zinabadilishwa kila kliniki, halafu kipimo cha kusoma vinasaba vyote kinakuja baada ya miaka, kama kinakuja. Mimi nasema kiwe cha mwanzoni.

Sababu yangu ni matibabu. Chukua Dravet, aina kali ya kifafa cha utotoni, ambayo kwa watoto wengi inatokana na hitilafu ya jeni ya SCN1A. Karbamazepini ni dawa ya kawaida ya kifafa na inasaidia wengi, ila kwa mtoto wa Dravet inaweza kuzidisha degedege, sasa mzazi anampa mwanae dawa asubuhi na jioni kama alivyoelekezwa na hali ndio inazidi kuharibika na hakuna anayejua kwa nini. Kuna kifafa cha jeni ya ALDH7A1, kile kinatulizwa na vitamini B6, vitamini tu jamani! Na kuna ugonjwa wa GLUT1, ambapo sukari haiingii vizuri kwenye ubongo, huyo anahitaji mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo sana. Sizungumzii kupima kila mtoto mzima kama Uingereza walivyoanza kwenye mradi wa watoto wachanga 100,000, huo ni mjadala mwingine. Nasema hawa wanaoumwa tayari.

— Mkuu mifano yako miwili inakupinga. B6 daktari anaijaribu leo leo bila jenomu, na GLUT1 inaonekana sukari ikiwa chini kwenye hayo hayo maji ya uti wa mgongo. Halafu watoto wengi wanatoka bila jibu, wengine wanapewa jibu la badiliko la jeni ambalo maabara yenyewe haijui lina madhara au la, maana kanzidata za vinasaba za kulinganishia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Na ukipima na wazazi unaweza kugundua baba sio baba. Hilo nani anajiandaa nalo?

— Hoja ya B6 naikubali, ijaribiwe mapema kabisa. Ila hayo yote yanahitaji daktari awe ameuwaza ugonjwa wenyewe, na haya magonjwa ni adimu, wengi hawajawahi kuyaona. Jenomu haisubiri mtu abahatishe. La baba liongelewe kabla damu haijatolewa, wazazi wachague waambiwe nini na nini kisiandikwe kwenye majibu. Hata pasipo na dawa, jibu linamwambia mama kuhusu ujauzito ujao: badiliko likiwa jipya kwa mtoto tu, uwezekano wa kurudi ni mdogo, ila kama wazazi wote wawili wamebeba hitilafu ya jeni iliyofichika ni 1 kati ya 4 kila mimba. Kuhusu kanzidata uko sahihi na inaniuma, ila watoto wa asili nyingine wakiendelea kupimwa mwishoni hizo kanzidata zitajaaje?