Vitabu vya mapenzi vya wezi wa almasi: mwizi mwanaume, mwizi mwanamke, ao wote wawili wezi?

Malaika_Nguba
Jambo yenu wote. Naomba munisaidie kuchagua juu niko na siku mbili tu. Sisi tuko wamama na wadada saba hapa Bukavu, tunakutana siku ya posho (jumamosi) mchana kusoma, kila mutu anatoa kitu kidogo tunanunua kitabu kimoja kwa papa fulani anatandikaka vitabu vya zamani juu ya shitingi karibu na Nyawera, kisha kinazunguka nyumba kwa nyumba mpaka kinarudi bila gamba (jalada). Mwezi huu tumekubaliana kusoma vile vya mapenzi vyenye roho juu juu, vya wezi wa almasi na mikufu. Papa aliniwekea pembeni tatu, vyote kifaransa, nikavifungua-fungua nimesimama hapo mpaka akaanza kuniangalia vibaya.

Cha kwanza mwizi ni mwanaume, suti nyeupe, bahari ya kusini mwa Ufaransa, usiku anatembea juu ya mapaa, na binti anayempenda hajui kitu. Cha pili mwizi ni mwanamke, na mwanaume anayemfuata ni mpelelezi wa asiransi (bima). Cha tatu wote wawili ni wezi na wanagombania jiwe moja. Bei ni ileile, dola 2, lakini pesa yetu inatosha kimoja.

Mimi vya namna ya kwanza nilivisoma sana tangu sekondari, vile vidogo vya Harlequin, chini ya meza. Siku moja masere (mtawa wa shule) alininyang'anya kimoja nikiwa nimebakiza kidogo kumaliza. Alikirudisha mwisho wa mwaka na kona za kurasa zimekunjwa mpaka ile ya mwisho, na mimi kukunja kurasa sijawahi 😂

Mwalimu_Kadutu
Dada Malaika, chukua cha kwanza bila kuogopa. Huyo mwizi wa suti ana ukoo. Arsène Lupin alitokea mara ya kwanza mwaka 1905 katika gazeti moja la Paris, mwandishi ni Maurice Leblanc, na tangu pale mwizi wa vitabuni akawa muungwana: haui, anasalimia vizuri, anaiba kwa mutu ambaye kesho atakunywa chai yake kama kawaida. Hiyo ni siri kubwa ya hivi vitabu, mwandishi lazima akuchagulie mwenye mali ambaye hutamulilia. Ukianza kumuonea huruma mwenye mkufu, mapenzi yote yanaharibika.

Na tena mahali penyewe panasaidia. Hitchcock alipiga filamu ya mwizi wa vito kule Cannes, ilitoka 1955, na hoteli Carlton inaonekana ndani. Basi tarehe 28 mwezi wa saba 2013 mutu mmoja, peke yake, akaingia katika hoteli hiyohiyo mahali palipokuwa maonyesho ya almasi, akatoka na mali ya euro karibu milioni 103. Mchana! Kwa hiyo musiseme waandishi wanatunga tu.

Kasoro yake naikubali: kukaribia mwisho mwizi anaacha kazi. Kila mara. Anapendwa, anatubu, anafungua duka ao anasaidia polisi. Mapenzi yanakuwa kama mshahara wa mwisho wa mutu anayeenda pansheni.

Binti_wa_Himbi
Mwalimu kwa heshima yote hapana 🙏 mimi niko Goma na nasema cha pili, cha pili, cha pili.

Nieleze juu ya nini. Mwizi mwanaume wa mapaa anaiba kwa mikono na kamba, usiku, peke yake, sasa mapenzi yanatokea wapi, lazima mwandishi asimamishe wizi ndipo walete chakula cha jioni na mishumaa, kisha asimamishe mapenzi ndipo arudi kwenye paa, unasoma kama uko mu gari inayozima kila kona. Lakini mwizi mwanamke mara nyingi anaiba kwa maneno. Anaiba kwa kukaa vizuri, kucheka wakati unaofaa, kumfanya mutu asahau alichokuwa anahesabu. Hiyo hiyo ndiyo kazi ya kutongoza. Kwa hiyo ukurasa mmoja unafanya kazi mbili na wewe msomaji hujui kama anamdanganya yule mpelelezi ao anamupenda, na yeye mwenyewe hajui, na hapo ndipo unapika maharagwe yanaungua.

Na yuko wa kweli. Doris Payne, mwanamke mweusi wa Marekani, alizaliwa 1930 West Virginia, sehemu ya makaa ya mawe. Kazi yake ilikuwa hivi: anaingia dukani amevaa kama bibi wa tajiri, anaomba pete hii, ile, ile nyingine, anavaa anavua anaweka, anapiga hadithi, mpaka muuzaji amechanganyikiwa ni ngapi alizitoa. Anatoka na moja kidoleni. Hakuna bunduki, hakuna kamba. Mwaka 1974 alifanya hivyo Monte Carlo, mu duka la vito la Cartier. Aliendelea mpaka uzee, bibi wa miaka zaidi ya 80 bado wanamukamata dukani.

Mama_Mapacha
Mimi sisomi sana lakini neno moja la dukani: kabla hujalipa angalia kurasa za mwisho kama ziko. Vile vitabu vya chini watu wanararuaga kufungia karanga.

Lushois_wa_Katuba
Yambo ba ndugu. Mi niko Lubumbashi lakini wazazi ni bantu ba Kasai na mi ile bitabu siwezi, musinikasirikie. Mu ile bitabu jiwe inaanziaka mu kioo cha duka. Hakuna mutu aliichimba. Iko tu pale, inangaa, inangoja mwizi mwenye suti. Mi nimekomea mu nyumba kwenye bantu banazungumzaka almasi kama vile bengine banazungumzaka mvua.

Nibaambie ya kweli. Mu miaka ya 1980, Mbuji-Mayi, mutoto mwanamuke alikuwa anacheza ku rundo ya mawe inje ya nyumba ya mujomba wake. Ile mawe ilitoka ku mabaki ya MIBA, kampani iliitupa juu ilikuwa minene, baliona haina faida kuipitisha mu mashini. Mutoto akaokota jiwe moja. Karati 890!! Akapatia mujomba, mujomba akauzisha ku banegosia (bachuuzi) ba pale, bale bakauzisha ku Balibani ba Kinshasa, kisha ikafika Antwerp ku Belgique, kampani ya almasi De Beers njo ikainunua. Bakaikata, ikatoka almasi ya karati 407, jina yake Incomparable. Hakuna paa, hakuna kamba, kila mutu alilipa kitu. Lakini jina ya ule mutoto mi sijawahi kuiona mu gazeti. Mwandishi anitungie ile, na mapenzi ndani, nitanunua hata dola 10.

Malaika_Nguba
Papa Lushois umenifunga mdomo kidogo. Lakini acha nikujibu kama mutoto wa nyumba ya dhahabu, juu baba yangu mkubwa alikuwa anafanya bizinesi ya dhahabu ya Kamituga. Kwetu mizani ilikuwa juu ya meza ya chakula. Tulijua kama tutaenda shule muhula unaofuata kwa kumuangalia tu uso akirudi. Njo maana mimi nikipata kitabu ambamo jiwe halina deni, halina mzazi wa mutu anayelisubiri, linaibwa na tajiri kwa tajiri na ndani yake watu wanabusiana, napumzika. Siyo kwamba sijui linatoka wapi. Najua sana, ndiyo sababu.

Lushois_wa_Katuba
Hapo sawa mama. Sikuwaza vile.

Binti_wa_Himbi
Na kuna kitu kingine cha jiwe. Mulishajiuliza kwa nini wezi wa mapenzi hawaibi benki? Benki haivaliwi shingoni. Mkufu uko juu ya ngozi ya mutu, mwizi lazima akaribie, apumue karibu. Tena jiwe linakatwa upya, linabadilisha sura. Ile almasi ya buluu ya wafalme wa Ufaransa iliibwa Paris mwaka 1792 katikati ya mapinduzi, miaka 20 baadaye London kukatokea almasi ya buluu ndogo kidogo, hiyo ndiyo leo wanaiita Hope, karati 45 na nusu, iko mu makumbusho Washington. Ilipita miaka mingi sana mbele wataalamu wahakikishe ni ileile. Sasa mwandishi wa mapenzi akiona jambo kama hilo, mutu anayepotea na kurudi na sura ingine, si amepata shujaa wake bila kutoka jasho.

Mwalimu_Kadutu
Hiyo ya ngozi na shingo nakupa alama kumi juu ya kumi, binti yangu.

Lushois_wa_Katuba
Mi nikilazimishwa kusoma wizi, nasoma ya kweli. Antwerp 2003, mwezi wa pili. Kiongozi wa bale bezi Mwitaliano, alijifanya negosia ya almasi, akapangisha ofisi mu jengo kwenye masanduku ya almasi zaidi ya miaka 2, anasalimiaka balinzi asubui kama mutu ya mungu. Wikendi moja bakafungua masanduku zaidi ya 100, mali ya zaidi ya dola milioni 100, na sehemu kubwa haikuonekanaka tena. Munajua nini ilibakamatisha? Takataka. Balitupa mifuko kando ya barabara, muzee mwenye kuchunga ile kipande ya pori akakasirika akaita polisi, ndani bakakuta makaratasi na mukate ya salami mutu aliuma nusu. Mayele yote ile, miaka 2 ya kusalimia bantu, inakufa juu ya mukate 🤣

Mama_Mapacha
Angekula yote.

Mwalimu_Kadutu
Ndiyo tofauti yenyewe hiyo. Mwizi wa kweli anaangusha vitu. Tazameni Louvre, tarehe 19 mwezi wa kumi 2025: wakaja na gari lenye ngazi, ile ya kupandishia vyombo vya nyumba gorofani, wakatumia dakika chache tu, wakaondoka na vito vya kifalme vinane vya euro milioni 88, lakini taji la Eugénie, mke wa Napoléon wa tatu, wakaliangusha wakikimbia, likabaki nje limeharibika. Katika kitabu chako Malaika taji halianguki. Likianguka, mwanaume mzuri analidaka.

Binti_wa_Himbi
Mwanamke mzuri.

Malaika_Nguba
Na cha tatu hamkisemi? Wote wezi?

Mama_Mapacha
Dada yangu anavipenda sana hivyo, alinisimulia vitatu vyote vikafanana. Mwanzo wanakutana usiku mbele ya sanduku moja la chuma, wanashindana, wanacheka. Shida ni kwamba hakuna siri. Mume na mke wote wanajua kazi ya mwenzake, sasa unaogopa nini? Polisi? Polisi wa vitabu wanakuja wakati kila mutu amekwisha oga.

Binti_wa_Himbi
Kidogo nitetee. Cha tatu kina mahali pamoja pazuri, pale kwenye kamba. Mmoja yuko chini ananing'inia na mkufu mfukoni, mwingine juu ameshika kamba, na wote wawili wanajua yule wa juu angeweza kusema nipe mkufu kwanza. Mwandishi akijua kukaa pale, asikimbie, ni mazuri kuliko mabusu yote. Wengi wanakimbia. Kwa hiyo fungua katikati, tafuta kamba, ukikuta kurasa mbili tu hapo, rudisha.

Mwalimu_Kadutu
Kwa kikundi cha watu saba mimi natazama pia ubishi. Cha kwanza mtakisoma mtafurahi mtanyamaza. Cha pili mtagawanyika, nusu watasema yule mwanamke amsaliti mpelelezi, nusu watasema aolewe. Naona nimejishinda mwenyewe hapa.

Lushois_wa_Katuba
Cha pili. Na asikamatwe juu ya mukate.

Malaika_Nguba
Narudi na habari. Jana nilichukua cha pili, Binti wa Himbi furahi. Nilifika kwa papa mvua inaanza, alikuwa anakunja shitingi haraka haraka, nikampa dola 2 nikaweka kitabu ndani ya kitenge nikakimbia mutelemko mpaka nyumbani. Nimesoma usiku wote kwa tochi ya telefone. Kuna mahali mpelelezi anamufunga yule mwanamke mkufu shingoni kwa mikono yake, kuona kama ndio wenyewe ulioibwa, na anajua, na yeye anajua kwamba anajua, wanazungumza juu ya hali ya hewa, kurasa sita nzima juu ya hali ya hewa. Nilisimama nikanywa maji.

Kisha nikafika ukurasa wa 182. Wa 183 haupo. Mpaka gamba hakuna kitu.

Mama_Mapacha
😶

Malaika_Nguba
Usiseme.

Mama_Mapacha
Sijasema kitu mimi.

Binti_wa_Himbi
Mungu wangu. Piga picha ya gamba utume hapa, shangazi yangu ana sanduku nzima ya vile vya zamani hapa Himbi, leo jioni nitaingia kuangalia. Na siku ya posho musome tu mpaka 182, musimuambie mutu.

Mwalimu_Kadutu
Muulize papa karanga ananunua kwa nani.

Malaika_Nguba
Nimetuma picha. Yaya mmoja wa kikundi tayari anasema ameolewa, mwingine anasema yuko Brazil na mkufu. Hawajakifungua hata ukurasa mmoja.